Kalenda ya Parokia Ianzie Kigangoni

Baada ya komunyo, waamini wakishaketi, katibu wa parokia husimama mbele na karatasi mkononi. Anasoma ndoa zinazotangazwa kwa mara ya pili, mchango wa ukarabati wa nyumba ya mapadre, zamu ya usafi wa kanisa, kikao cha WAWATA, mazoezi ya kwaya, semina ya wasimamizi wa ubatizo. Dakika kumi na tano zinakatika. Watu wa mjini wanasikiliza nusu nusu, maana mengi wameshayasoma kwenye simu. Mama aliyekaa benchi la nyuma, aliyetoka kigangoni alfajiri kwa bodaboda waliyochangia na jirani yake, anatazama mlangoni. Dereva ameshapiga honi mara mbili. Anajitanda kanga yake na kutoka kabla ya tangazo la mwisho, na tangazo la mwisho ndilo la kipaimara. Mwanawe yumo kwenye orodha.

Nimeshika daftari la jumuiya, kisha la kigango, kisha nikakaa kwenye kamati za maandalizi za parokia hapa Jimbo la Mpanda, na ushauri wangu kwa viongozi wa walei wanaokaa sasa kupanga shughuli za mwaka ni mmoja: anzeni na mama yule. Kila tukio lipimwe kwanza kwa mtu wa kigango cha mbali kabisa. Je, atalisikia kwa wakati? Atafika kwa njia gani? Ana nini cha kuchangia msimu huo? Atarudi nyumbani kabla ya giza? Likimfaa yeye, wa Mpanda mjini hatashindwa.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya zamani, siku hizi lami imefika. Ni kweli, lami ya kutoka Tabora kupitia Inyonga imetutoa mbali, na reli ya Kaliua ipo tangu 1950, ilipojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Lakini lami hupita barabara kuu, na vigango viko pembeni. Karema iko zaidi ya kilometa mia moja kutoka mjini, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mpimbwe ni safari ya kuvuka hifadhi. Mtu wa Mishamo akisema "kesho naenda Mpanda" ameshahesabu nauli, chakula cha njiani na mahali pa kulala. Jimbo letu lilimegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000, na mkoa wenyewe ukamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa sababu hiyo hiyo ya umbali. Parokia zetu nazo ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kuwa mwamini mwaminifu na padre asimwone kwa wiki kadhaa. Anayemlea kwa muda huo ni katekista.

Tusisahau Kanisa lilivyoingia huku. Mapadre Weupe walipokea ngome ya Wabelgiji pale Karema mwaka 1885, na waliolifikisha vijijini kwa sehemu kubwa walikuwa makatekista. Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na akabaki huko akitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa katekista na daktari kwa mtu mmoja. Ninapowaona watu wakipanga sherehe ya parokia bila kumwita katekista hata mmoja kwenye kikao cha kwanza, huwa naumia moyoni.

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha kalenda kiwe cha makatekista na wenyeviti wa vigango. Wao ndio wenye kujua njia gani imekatika, shule gani ina darasa la kulala wageni, kisima gani kimekauka. Wakae na karatasi kubwa ukutani yenye miezi kumi na miwili. Kabla ya kuandika sikukuu yoyote, waandike shughuli za shamba.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mvua zetu zinaanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Novemba na Desemba ni kupanda. Januari ni palizi. Februari hadi Aprili mkulima wa tumbaku anachuma na kukausha, na bani, yaani banda la kukaushia, ikishawashwa moto haiachwi, mtu analala hapo hapo akichochea. Miezi hiyo hiyo ghala limebaki na vumbi. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya hayajakauka. Mei na Juni mahindi yanavunwa, mpunga unafuata, masoko ya tumbaku yanafunguliwa. Julai hadi Septemba mtu ana chakula ndani, ana fedha kidogo mfukoni, na barabara ni kavu. Oktoba jua ni kali, watu wanaandaa mashamba na wanaitazama mbingu.

Sasa wekeni juu yake kalenda ya Kanisa. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa hiyo kwetu ni Pasaka ya mvua daima, na Kwaresima nzima iko kwenye njaa ya masika na moshi wa mabani. Pentekoste huja siku hamsini baadaye, kati ya 10 Mei na 13 Juni, mvua zikiwa zimekoma au zinakoma. Sherehe ya Ekaristi Takatifu inaposogezwa Jumapili huangukia mwishoni mwa Mei au Juni, na hakuna wakati mzuri zaidi wa maandamano: vumbi halijawa kali, majani bado mabichi ya kupambia njia, na watoto wana shibe. Imakulata ni 8 Desemba, siku ya somo wa Kanisa Kuu letu, nayo inadondoka katikati ya kupanda. Sikukuu hiyo haiwezi kusogezwa kwa ajili ya mahindi. Kinachoweza kusogezwa ni mambo tunayoyabebesha: harambee kubwa, mashindano ya kwaya, chakula cha watu mia tano. Hayo yaende Julai. Desemba nane watu waje kusali, wapate uji na maandazi, warudi shambani.

Niliwahi kuwa kwenye kamati iliyopanga kipaimara mwezi wa tatu katika kigango kimoja cha mbali, kwa sababu tu ndiyo tarehe iliyokuwa wazi. Tulikodi lori la kuwabeba watoto kutoka vigango viwili jirani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ikanyesha. Lori likazama mbugani kwenye udongo mweusi, matairi ya nyuma yote mawili hadi kwenye ekseli, watoto wakiwa juu na nguo zao nyeupe. Wavulana walishuka kusukuma. Wasichana walivua viatu, wakavibeba mikononi na kutembea kilometa zilizobaki, sketi zimekunjwa hadi magotini. Walifika saa nane mchana. Wali ulikuwa umeshapoa, nyama imeanza kuchacha, tukaimwaga. Binti mmoja alikataa kuingia kanisani kwa sababu ya matope. Bibi mmoja wa kigango kile alimpeleka nyumbani kwake, akamwogesha, akamvika gauni la mjukuu wake. Alipokea kipaimara akiwa wa mwisho. Kosa lilikuwa letu sisi kamati, na tangu siku ile sikubali kipaimara cha mbali kabla ya Pentekoste.

Ombeni basi tarehe ya kipaimara mapema, barua iende jimboni miezi mingi kabla, na mtaje sababu za barabara waziwazi. Askofu ni mchungaji wa jimbo zima, ana parokia nyingi za kuzunguka. Asipopewa sababu atawapangia nafasi iliyobaki. Ombeni Juni hadi Septemba, na pendekezeni tarehe tatu.

Ubatizo na ndoa navyo vina msimu wake hata kama hatuusemi. Wazazi wengi huleta watoto baada ya mavuno, wakiwa na uwezo wa kumkirimu msimamizi. Wekeni semina za wasimamizi Juni, si wiki ya ubatizo wenyewe, kwa maana kila mwaka kuna msimamizi anayegundulika Jumamosi jioni kwamba hana kipaimara. Sheria ya Kanisa inataka awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea kipaimara na Ekaristi, awe ametimiza miaka kumi na sita kwa kawaida, na asiwe baba au mama wa mtoto. Katekista ayaseme haya kwenye jumuiya, yakisemwa mapema familia haitaaibika.

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, ipangeni na jembe. Mvua zikishika majani yanafunika makaburi kwa wiki tatu, na misalaba ya miti inaliwa na mchwa. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba kila jumuiya iende makaburini na majembe na mafyekeo. Inachukua asubuhi moja.

Turudi kwenye karatasi ya katibu. Tangazo la mdomo linamfikia aliyepo, na aliyepo mara nyingi ni yule yule. Mimi ningeligawa hivi. Kanisani yasomwe mambo matatu tu, yale yanayomhusu kila mtu wiki hiyo, tena yasomwe kwa kuanza na lililo la mbali na kubwa. Mengine yabandikwe ubaoni kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Kisha yote, kwa ukamilifu, yaandikwe kwenye daftari la kila kigango, katekista ayasome kwenye ibada ya Jumapili ambayo padre hayupo, na mwenyekiti wa jumuiya ayarudie kwenye sala ya wiki. Makundi ya simu yanasaidia, nayatumia kila siku, lakini simu za vigangoni huchajiwa dukani kwa mwenye sola, na bando likiisha ujumbe unabaki hewani siku nne. Tangazo lolote la sakramenti au la fedha lisitegemee simu peke yake.

Na tangazo liseme mambo yote: nini, lini, wapi, nani anahusika, aje na nini, atakula nini, litakwisha saa ngapi. Hilo la mwisho tunalisahau sana. "Semina itaanza saa tatu asubuhi" halimsaidii mtu anayepaswa kupanga usafiri wa kurudi. Mwandikieni "itakwisha saa saba mchana," kisha iishe saa saba kweli. Mkishazoesha watu kwamba saa yenu ni saa, watakuja.

Jumuiya Ndogo Ndogo ndizo mhimili wa haya yote. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele kwenye mikutano yao ya 1973 na 1976, na kwa mazingira yetu waliona mbali, maana kaya kumi au kumi na tano zinazosali pamoja ndizo zinazojua nani anaumwa na nani amehama. Lakini jumuiya zimegeuka kuwa matawi ya kukusanya michango. Mwenyekiti akionekana anakuja, watu wanajua kuna bahasha. Ningeomba kila parokia iweke wiki mbili za mwezi ambazo ni mwiko kutaja fedha kwenye sala ya jumuiya. Jaribuni miezi mitatu mhesabu mahudhurio.

Michango yenyewe ipangwe kwa mavuno. Mkulima wa tumbaku wa Mlele hana shilingi Februari. Ana deni la pembejeo kwenye chama chake cha ushirika, AMCOS. Ukimtaka elfu ishirini mwezi huo unamtuma kwa mkopeshaji. Mwezi wa saba, akishalipwa, atatoa elfu hamsini na kukushukuru. Mwenye mpunga wa Mpimbwe atatoa debe mbili mwezi wa sita bila kuombwa mara ya pili, lakini ukisubiri hadi Desemba ameshauza, na bei imepanda, na mtoto amekwenda shule. Kwa hiyo ahadi ziandikwe mwezi wa tano, zitimizwe mwezi wa nane. Pokeeni mazao. Parokia iwe na chumba kikavu chenye mbao chini za kupandishia magunia, mizani iliyokaguliwa, na mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari. Mahindi yakiwekwa sakafuni tupu yanafyonza unyevu na kuoza, na mtoaji akija kuyaona yameoza hatatoa tena.

Minada ya baada ya misa naipenda. Kuku, mayai, boga, kikapu cha viazi, vinashindaniwa pale nje kwa furaha, na mara nyingi mnunuzi anamrudishia mtoaji maskini kuku wake mwenyewe. Kuna jambo moja tu la kuchunga humo: kutaja majina na kiasi. Kusoma orodha ya waliotoa ni kusoma pia, bila kuisema, orodha ya wasiotoa. Nimewaona wajane wakiacha kuja kanisani kwa sababu ya orodha hizo. Mtoaji apewe risiti mkononi. Kanisani isomwe jumla ya kila jumuiya.

Kisha mrudishe hesabu. Sheria ya Kanisa ya 1983 inaagiza kila parokia iwe na baraza la uchumi, kanuni ya 537, na kanuni ya 1287 inawataka wanaosimamia mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya walichotoa. Maana yake mwamini akiuliza "bati zile zilifika ngapi?" hajamkosea padre adabu. Ubandikeni ukurasa mmoja baada ya kila tukio: tulipokea nini, tulitumia nini, kimebaki nini na kiko wapi. Fedha za simu ziingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la parokia, si kwenye simu ya mtu hata awe mwadilifu namna gani, na benki wasaini watu wawili au watatu. Mhasibu mwema ndiye wa kwanza kuutaka utaratibu huu, kwa kuwa unamlinda.

Juu ya chakula nitasema kwa ufupi, kina mama wa WAWATA wanajua kunizidi. Maji ya kunywa yachemshwe jana yake na kuwekwa kwenye ndoo zenye koki. Kuwe na maji na sabuni karibu na vyoo, na mtoto mkubwa wa kuvisimamia. Nyama iive asubuhi ile ile, isilale. Watoto na wazee wale kwanza, kabla ya meza ya wageni waalikwa. Hili lina upinzani kila mara, na kila mara nang'ang'ania. Mtendaji wa kijiji ajulishwe mapema kwa barua. Tukio la karibu na mto au na mipaka ya hifadhi, upande wa Sitalike kwa mfano, liishe saa tisa alasiri. Kiboko hutoka majini kwenda kula majani jua likizama, na njia anayopita ndiyo mtakayopita na tochi ya simu.

Kuna watu ambao kalenda zetu huwasahau. Katumba na Mishamo wanaishi maelfu ya wenzetu ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972. Watu zaidi ya laki moja na nusu wa makazi yale na ya Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2007. Ni raia, ni waamini, kwaya zao zinatikisa paa. Hata hivyo nimekaa kwenye vikao ambavyo Katumba ilipewa kazi ya kuimba na haikupewa mjumbe kwenye kamati ya fedha. Wapeni. Na bibi anayesali rozari yake kwa Kirundi aachiwe kumi moja aiongoze kwa Kirundi katika mwezi wa Oktoba. Vivyo hivyo wafugaji Wasukuma wanaoishi mbalimbali na ng'ombe wao: jumuiya ya kaya kumi na tano haiwezekani pale ambapo nyumba na nyumba ni nusu saa. Waundieni jumuiya ya kaya tano, ikutane Jumapili mchana ng'ombe wakiwa wamenyweshwa. Hakuna kanuni inayokataza udogo huo.

Mwisho wa tukio lolote kuna kazi ambayo haina wafanyakazi. Wageni wameondoka, jenereta limezimwa, masufuria ya kukodi yamebaki na ukoko. Wekeni majina ya wafunga kazi siku ile ile mnapoweka ya wapishi, na wawe watu wengine, maana mpishi ameamka saa tisa usiku. Kila sufuria la jumuiya lipigwe alama ya rangi kitakoni, viti vihesabiwe kabla ya giza, turubai likunjwe likiwa kavu. Kisha katibu akae na wenyeviti wa vigango robo saa tu, chini ya mwembe, wapite orodha ya waliotarajiwa na ambao hawakuonekana, jina kwa jina, na mbele ya kila jina waandike nani atapita kwake kabla ya Jumatano.